Dubai: Pesto ya mbegu kwa wenye mzio wa njugu na korosho

Katika nyumba nyingi za Dubai, mchuzi mzito wa kijani uitwao pesto umekuwa chakula cha kawaida. Huchanganywa na tambi, hupakwa kwenye mikate ya watoto waendao shule, na huandaliwa pamoja na kuku au samaki wa kuchoma. Mara nyingi anayeutayarisha si Mtaliano. Ni Mkenya, Mganda au Mtanzania aliyeajiriwa kupika hotelini au kulea watoto nyumbani, na ndiye anayeambiwa kwamba mtoto mmoja mezani ana mzio, na kwamba shule anayosoma hairuhusu njugu za aina yoyote kuingia langoni.

Jawabu lililozoeleka ni kutia mbegu badala ya kokwa. Jawabu hilo ni zuri, na ladha ya chakula haipotei. Hata hivyo, lina mtego ndani yake, kwa kuwa mbegu si kitu kimoja, na zipo zinazoweza kumdhuru mwenye mzio sawasawa na karanga.

Pesto ya asili inatoka Genoa, mji wa bandari wa kaskazini mwa Italia, na jina lake limetokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya kutwanga. Majani ya mrehani, kitunguu saumu, chumvi, jibini ngumu, mafuta ya zeituni na kokwa za msonobari hutwangwa pamoja katika kinu cha mawe. Mrehani huo ni wa jamii moja na ule unaofungwa katika vikuba vya pwani ya Afrika Mashariki, ingawa ule wa Genoa huwa na majani mapana na harufu tulivu zaidi.

Kokwa za msonobari ni ghali. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wa pesto ya chupa huzipunguza, au huziacha kabisa, na kuweka korosho mahali pake. Korosho ghafi za Mtwara na Lindi, ambazo kwa sehemu kubwa husafirishwa India na Vietnam kubanguliwa, huenda zikamfikia mlaji wa Dubai ndani ya chupa ya mchuzi wa Kitaliano bila yeye kutambua. Anayesoma jina la mbele ya chupa pekee hajui chochote.

Neno moja, maana nyingi

Tatizo la kwanza ni la lugha. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka linalokusanya karanga, korosho, lozi, jozi na pistachio kwa pamoja. Mkenya akisema njugu, aghalabu amekusudia zile ambazo Mtanzania huziita karanga. Karanga zenyewe ziko katika ukoo wa kunde na maharagwe, wala hazina udugu na korosho. Mpishi aliyeambiwa kwamba mtoto hali njugu anaweza kuondoa karanga kwa uangalifu wote, kisha akanyunyiza korosho juu ya chakula akiamini ametii.

Jikoni Dubai utata huongezeka, maana wafanyakazi hutoka India, Nepal, Ufilipino, nchi za Kiarabu na Afrika. Kwa Waarabu, mukassarat ni jina la kokwa zote kwa jumla, na sanawbar, lililo jamaa wa neno msonobari, ni zile za pesto. Ufuta huitwa simsim, kama unavyoitwa pia na wengi Kenya na Uganda. Lililo salama ni kutaja kila kitu kwa jina lake: karanga, korosho, lozi, pistachio, ufuta. Korosho na pistachio zafaa zitajwe pamoja, kwani mimea yake ni ya ukoo mmoja, na mwenye mzio wa moja mara nyingi huwa na mzio wa nyingine.

Hata sheria hazikubaliani. Katika Umoja wa Ulaya, kokwa za msonobari hazimo katika orodha ya vyakula 14 ambavyo ni lazima vioneshwe kuwa vinasababisha mzio.

Mbegu ipi?

Mbegu za alizeti na za maboga ndizo zinazotumika zaidi. Za alizeti zina ladha tulivu inayokaribia ile ya msonobari. Za maboga huongeza ukijani na uzito. Mzio wa mbegu hizi upo, ila si wa kawaida sana.

Ufuta ni habari nyingine. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki dunia baada ya kula mkate alioununua katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga, na karatasi ya kufungia haikuutaja. Kisa hicho kilizaa sheria inayobeba jina lake, iliyoanza kutumika Uingereza Oktoba 2021. Marekani nayo imeufanya ufuta kuwa lazima utajwe kwenye vyakula vya paketi tangu Januari 2023.

Katika Ghuba ufuta umo karibu kila mahali: katika tahini, katika hummus, katika zaatar na katika halua ya Kiarabu. Hata ile chokoleti ya Dubai yenye pistachio, iliyovuma duniani tangu mwisho wa 2023, huwa na tahini ndani yake. Kwa hiyo anayempikia mgeni ambaye mzio wake haujulikani vyema asiutie ufuta katika pesto, hata kama mapishi aliyoyasoma yanauruhusu.

Mahali pa kununulia napo pana uzito. Katika soko la viungo la Deira magunia hukaa bega kwa bega, na chombo cha kuchotea lozi kinaweza kuingia pia katika mbegu za maboga. Harufu ya soko hilo ni raha ya pekee, lakini si mahali pa kumnunulia mwenye mzio. Mbegu za paketi iliyofungwa, isiyo na onyo la kuchanganyika na kokwa au karanga, ndizo zinazofaa.

Namna ya kutayarisha

Kwa watu wanne huhitajika gramu 50 za majani ya mrehani, gramu 40 za mbegu za alizeti au za maboga, punje moja ya kitunguu saumu, gramu 40 za jibini iliyokunwa, mililita 100 za mafuta ya zeituni, chumvi kidogo na matone ya ndimu.

Mbegu hukaangwa bila mafuta, kwa moto mdogo, dakika nne au tano hadi zianze kunukia, kisha huachwa zipoe. Zikitiwa zingali moto, huyaunguza majani na rangi hugeuka. Kitunguu, chumvi na mbegu hutwangwa kwanza, majani hufuata, halafu jibini, na mafuta humiminwa polepole mwishoni. Mashine ya kusagia hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi, lakini iwe imeoshwa vizuri kwa sabuni na maji, pamoja na kisu chake na mpira wa kifuniko, ambamo mabaki ya korosho ya jana hupenda kujificha. Mikono pia ioshwe kwa sabuni. Dawa ya alkoholi haiondoi protini za karanga.

Jibini nayo ichunguzwe. Ina maziwa, na ile ya Grana Padano mara nyingi hutiwa kiambato kitokanacho na yai. Asiyeila anaweza kuongeza mbegu na ndimu. Pesto hii ihifadhiwe kwenye jokofu na iliwe ndani ya siku nne. Kitunguu saumu kibichi kilichozama katika mafuta hakifai kuachwa mezani katika joto la Dubai, kwani vijidudu hatari vinaweza kuzaliana humo.

Endapo mtu atavimba midomo, atatapika ghafla au atapumua kwa shida baada ya kula, dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini, inayodungwa upande wa nje wa paja. Vidonge vya kutuliza mwasho havitoshi. Mgonjwa alazwe, miguu ikiinuliwa, au aketi ikiwa anashindwa kupumua, wala asitembezwe. Namba ya gari la wagonjwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu ni 998, na paketi ya mbegu zilizotumika ipelekwe hospitali pamoja naye.