Okidi za Baridi (2): Unyevuanga katika Kitalu Nyumba cha Brussels

Okidi za baridi hutoka milimani, nyingi zikiwa za misitu ya ukungu iliyo kati ya mita 2,000 na 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kundi hili lina Masdevallia na Dracula za Andes, Odontoglossum za Kolombia, Coelogyne cristata ya Himalaya, na kwa Afrika Mashariki Aerangis thomsonii, inayoota juu ya miti katika misitu ya nyanda za juu. Mchana huko hauzidi sana nyuzijoto 20, usiku hushuka hadi 10 au chini yake, na hewa hushiba mvuke karibu saa zote. Aliyewahi kuamka Lushoto mwezi wa saba anaijua hewa hiyo: shati lililoanikwa jioni hukutwa asubuhi limelowa kuliko lilivyoachwa.

Mimea hii hupokea maji kidogo kidogo, kila siku, na haina desturi ya kuweka akiba kubwa. Masdevallia haina hata kile kivimbe cha shina ambacho okidi nyingine huhifadhia maji. Alichonacho mmea kimo kwenye jani. Unyevuanga ukikaa chini ya asilimia 50 siku kadhaa, ncha za majani hukauka zikawa kahawia, vichipukizi vya maua huanguka kabla ya kufunguka, na ua la Dracula hunywea kwa muda wa saa chache tu. Kiwango kinachofaa ni asilimia 70 hadi 85 usiku na mchana, Dracula zikitaka zaidi kidogo.

Tuone kama kiwango hicho kinapatikana Forest, ambayo kwa Kiholanzi ni Vorst, mojawapo ya manispaa 19 za mkoa wa Brussels. Huanzia bondeni karibu na mto Senne na kupanda hadi uwanja wa Altitude Cent, mita 100 juu ya usawa wa bahari. Nyumba zake nyingi zimejengwa ukuta kwa ukuta, na nyuma yake kuna bustani nyembamba zilizozungushiwa matofali. Kitalu nyumba cha mpenzi wa okidi hujibana humo, pengine mita 2.5 kwa 4, kikiegemea ukuta. Kituo cha hali ya hewa cha Uccle, manispaa jirani, kipo karibu kimo hicho hicho, hivyo takwimu zake zinafaa kwa sehemu ya juu ya Forest: Januari wastani wa nyuzijoto kama 4, Julai 18 au 19, mvua zaidi kidogo ya milimita 800 kwa mwaka, na unyevuanga wa wastani karibu asilimia 80.

Anayezisoma takwimu hizo juu juu atasema okidi za ukungu zimefika kwao. Kasoro ni kwamba kitalu nyumba hakiitumii hewa ya nje kama ilivyo; huipasha moto kwanza.

Brussels ina historia yake katika jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakulima wa Ulaya waliamini kwamba kila okidi ya tropiki inataka joto kali na mvuke mzito, wakazifungia ndani ya vitalu vya moto na kuziua kwa wingi. Jean Linden, mzaliwa wa Luxembourg aliyetumwa na serikali ya Ubelgiji kukusanya mimea katika bara la Amerika miaka ya 1830 na 1840, alirudi na maelezo ya kimo na joto la mahali alipoikuta. Mtaalamu wa mimea Mwingereza, John Lindley, aliyatumia maelezo hayo katika Orchidaceae Lindenianae ya mwaka 1846. Linden baadaye aliongoza bustani ya wanyama iliyokuwa Parc Léopold, na kwa bustani hiyo Alphonse Balat alisanifu mwaka 1854 kitalu kidogo cha chuma na vioo ambacho sasa kimesimama katika bustani ya mimea ya Meise. Balat ndiye pia aliyesanifu vitalu vya kifalme vya Laeken. Somo la baridi lilishikwa. La pili, kwamba hewa ya mlimani ina mvuke mwingi lakini haitulii, mpaka leo wapo wanaolisahau.

Asilimia ya unyevuanga haitaji kiasi cha maji kilichomo hewani. Hutaja sehemu ya kile ambacho hewa ya joto hilo ingeweza kubeba. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzijoto 4 hubeba gramu 6.4 za mvuke, basi. Ya nyuzijoto 14 hubeba 12. Ya 25 hubeba 23. Ndiyo maana asilimia 70 ya usiku na asilimia 70 ya mchana si kitu kimoja. Kwenye nyuzijoto 10 hewa ya asilimia 70 imepungukiwa na gramu 3 tu kufikia kushiba; kwenye 25 imepungukiwa na karibu gramu 7, na pengo hilo hulijaza kwa kunyonya maji kwenye majani.

Chukua siku ya Januari. Nje ni nyuzijoto 4 na asilimia 85, ukungu umefunika paa, kila kitu kimelowa. Hewa hiyo ina gramu 5.4 za mvuke. Ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzijoto 14 bila kuongezwa tone la maji, kipimo husoma karibu asilimia 45. Mvua inanyesha juu ya kioo na okidi iliyo chini yake inakauka.

Kurekebisha hali hiyo hakuhitaji maji mengi. Kufika asilimia 70 kunadai gramu 3 za ziada kwa kila mita ya ujazo, na kitalu cha mita za ujazo 24 kitatosheka na gramu 72, chini ya nusu kikombe. Lakini hewa hupenya kwenye nyufa. Ikibadilika yote mara moja kwa saa, gramu hizo 72 hudaiwa tena kila saa, karibu lita 1.7 kwa siku, na kitalu kikuukuu kilicholegea fremu hudai mara kadhaa ya hapo. Sakafu ya kokoto au matofali inayomwagiwa maji asubuhi hulipa deni hilo vizuri kuliko mashine nyingi. Trei za kokoto zenye maji chini ya meza husaidia pia, mradi vyungu visiguse maji.

Mlaji mkubwa wa mvuke, hata hivyo, ni kioo chenyewe. Usiku wa nyuzijoto 0 nje na 12 ndani, uso wa ndani wa kioo kimoja hushuka hadi karibu nyuzijoto 3. Mvuke unaougusa hugeuka maji na kutiririka hadi kwenye fremu, na kazi hiyo haikomi mpaka hewa ya ndani ikaribie asilimia 55. Kioo cha tabaka mbili hubaki kwenye nyuzijoto 7 au 8, na hapo hewa inaweza kukaa kwenye asilimia 75 bila kuibiwa. Nailoni yenye viputo vya hewa, ile ya kufungia mizigo, ikibandikwa ndani ya kioo kimoja mwezi Novemba hupunguza wizi huo kwa gharama ndogo. Anayenunua mashine ya ukungu kabla ya kuziba nyufa na kuongeza tabaka la pili anajaza pipa lililotoboka.

Namna ya kupasha moto nayo ina uzito wake. Mabomba ya maji moto hutoa joto la upole. Hita ya umeme yenye feni hupuliza hewa kavu, hivyo isielekezwe kwenye majani. Hita za mafuta ya taa au gesi zisizo na bomba la kutolea moshi huongeza mvuke, ila ukiwaka vibaya moto wake hutoa ethilini, na gesi hiyo huangusha vichipukizi vya maua hata ikiwa kidogo sana.

Msimu mgumu kuliko Januari ni Oktoba na Novemba. Nje kuna nyuzijoto 10 na asilimia 95, hita haijahitajika, jua ni hafifu, na ndani ya kitalu kila jani linabaki na maji kwa siku nyingi. Hapo ndipo kuvu aina ya Botrytis cinerea hujitokeza: vidoa vidogo vya kahawia au waridi kwenye petali nyeupe, kisha manyoya ya kijivu kwenye ua lililozeeka. Kwenye vikonyo vya majani, maji yaliyolala huleta uozo wa bakteria ambao huumaliza mmea kwa siku chache. Dawa yake ni ile ile iliyokuwa adui wakati wa Januari. Hewa ya nyuzijoto 10 ikipashwa hadi 13 tu, asilimia 95 hushuka hadi karibu 78. Hita huwashwa kidogo na dirisha la paani huachwa wazi kidogo, vyote kwa pamoja. Ni gharama inayouma kwa mwenye bili ya umeme ya Ulaya, lakini ni nafuu kuliko kununua mimea upya.

Katika majira yote feni ndogo hufanya kazi usiku na mchana. Hewa ipite juu ya majani kwa upole, yatikisike kidogo tu, na isielekezwe kwenye mmea mmoja. Kunyunyizia majani hufanyika asubuhi, yapate kukauka kabla ya jioni. Hewa yenye mvuke mwingi inayotembea ni afya kwa okidi hizi. Ikiwa kavu na tulivu hukaribisha utitiri mwekundu, ambao huacha upande wa chini wa jani na rangi ya fedha.

Kiangazi hubadilisha kazi ya maji: sasa yanatakiwa kupoza. Tarehe 25 Julai 2019 Uccle ilifikia nyuzijoto 39.7, na Odontoglossum huanza kuteseka joto likizidi 26. Lita moja ya maji inapogeuka mvuke huchukua joto la karibu kilowati-saa 0.68. Jua la adhuhuri la Juni likileta wati 800 kwa kila mita ya mraba, kitalu cha mita 10 za mraba hupokea kilowati 8, na kulimaliza joto hilo kwa maji pekee kungetaka lita 12 kila saa. Hivyo kivuli hutangulia: wavu hutandazwa nje ya kioo, ukiwa na nafasi ya hewa kati yake na paa. Baada ya hapo sakafu, kuta na chini ya meza humwagiwa maji mara tatu au nne kwa siku, madirisha ya chini na ya paani yakiwa wazi. Hewa ya nje ya nyuzijoto 30 na asilimia 40 haiwezi kupozwa kwa njia hii chini ya nyuzijoto 20, na kwa kawaida huishia 24 hivi. Madirisha yakifungwa ili kutunza mvuke, hewa hushiba, maji huacha kuvukiza na kitalu huwa tanuri.

Maji ya bomba ya Brussels yana chokaa nyingi. Yakinyunyiziwa huacha madoa meupe kwenye majani na kuziba matundu ya vinyunyizio, na mizizi ya Masdevallia haiyapendi. Ya bomba yatumike kwenye sakafu. Ya mimea yatoke mbinguni. Paa la mita 10 za mraba hukusanya karibu lita 8,000 kwa mwaka, kwa hiyo pipa la lita 300 chini ya mfereji wa paa hujaa mara nyingi. Sehemu ya maji ya pipa ikiwekwa ndani ya kitalu, hupata joto la mimea kabla ya kutumika.

Kipimaunyevu hutundikwa kwenye usawa wa mimea, kivulini, mbali na hita na mlango. Vile vya kidijitali vya bei rahisi hupotoka kadiri miaka inavyokwenda, na njia ya kuvikagua ni chumvi ya jikoni. Kifuniko cha chupa hujazwa chumvi na kulowanishwa kwa matone machache hadi iwe kama uji mzito bila maji kusimama juu. Kifuniko na kipimo hufungiwa pamoja ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, chumbani ambamo joto halibadiliki, kwa saa 8 au zaidi. Hewa iliyo juu ya chumvi hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikionyesha 70, tano huongezwa kwenye kila usomaji, na ukaguzi hurudiwa kila mwaka kabla ya Oktoba.