Kujitolea Old Kampala

Wengi hudhani mwanafunzi anayejitolea katika shirika la misaada la kimataifa hugawa mablanketi na unga. Huko Old Kampala, kilima ambacho Lugard alijenga ngome mwaka 1890, kazi kubwa ni ukalimani. Kwa miaka mingi wakimbizi waliofika mjini waliandikishwa kwanza katika kituo cha polisi cha hapo, na wengi walitoka Kongo ya mashariki na Kiswahili chao. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi, lakini sharti kwanza akubaliwe, na habari zake huandikwa kwa Kiingereza.

Sasa tazameni. Mtu asema, "Walimwua ndugu yangu saa nane usiku." Mkalimani mwenye haraka huandika kaka wa tumbo moja, kumbe ni mtoto wa shangazi, na saa nane huiandika nane ya Kizungu, yaani saa mbili. Mahojiano ya pili yakitofautiana na ya kwanza, mwenye kisa huonekana mwongo, na aweza kunyimwa hifadhi. Basi mwanafunzi huuliza: ndugu kwa nani? Watu walikuwa wamekwisha lala? Haongezi chumvi kwa huruma. Kiswahili cha shuleni nacho hakitoshi, maana cha Bukavu kimejaa Kifaransa.