Rangi ya Mafuta Hukaukaje?

Tuchukue mfano wa darasa la sekondari huko Isongole, katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, karibu na mpaka wa Tanzania na Malawi. Juu ya meza, kando ya dirisha, vimepangwa kibuyu, chungu na mahindi mawili makavu. Wanafunzi wanataka kuvichora kwa rangi ya mafuta. Swali la kwanza limpasalo mwalimu kuuliza si la sanaa bali ni la kemia: je, rangi hii hukaukaje?

Wengi watajibu kwamba hukauka kama nguo iliyoanikwa. Jibu hilo lafaa kwa rangi ya maji tu. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, kwa kawaida yale ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayageuki mvuke. Huvuta oksijeni kutoka hewani. Molekuli zake zina vifungo maradufu vingi, na kwa msaada wa oksijeni huungana zikawa kama wavu mmoja mgumu. Kwa sababu hiyo, hapo mwanzo uzito wa mafuta yanayokauka huongezeka badala ya kupungua.

Jambo hili laweza kuthibitishwa maabarani. Paka vipande vitatu vya kioo utando mwembamba wa mafuta: cha kwanza kitani, cha pili alizeti, cha tatu nazi. Vipime, kisha viweke penye mwanga pasipo vumbi. Vipime tena kila siku kwa muda wa majuma mawili. Kitani kitashika na kuwa kigumu. Alizeti itachelewa sana. Nazi haitakauka, kwani ina vifungo maradufu vichache mno. Kumbe mafuta mengi ya kupikia, hata yakiwa mazuri namna gani, hayamfai mchoraji.

Kutokana na kemia hiyo huzaliwa kanuni za kazi. Tabaka la kwanza la picha liwe na mafuta machache, lizimuliwe kwa tapentaini. Matabaka ya juu yaongezewe mafuta kidogo kidogo. Anayefanya kinyume hufunika tabaka laini kwa tabaka gumu, na picha yake hupasuka. Tena, ndizi mbivu huoza kabla rangi haijakauka. Ndiyo maana tumechagua kibuyu na chungu. Mwanga nao utoke upande mmoja, ili kivuli kionyeshe umbo.

Sanaa hii si ngeni kwetu. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere na London, akachora maisha ya vijijini kwa rangi ya mafuta. Picha yake moja ya mwaka 1956 imehifadhiwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York.

Mwisho, tahadhari. Mafuta ya kitani yanapoungana na oksijeni hutoa joto. Matambara yaliyolowa mafuta hayo, yakirundikwa kwenye kona ya ghala, yaweza kushika moto yenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yatiwe ndani ya debe la maji. Mchoraji anayeifahamu oksijeni huilinda picha yake, na huilinda shule pia.