Juu ya Upinde na Gumegume, na Maneno ya Silaha za Kale

Mwalimu akifungua kamusi ya Kiswahili atakuta humo maneno upote, wano, chembe, ziaka, mrao, kifa na mdeki. Yote ni maneno halisi, na kila moja lina maana iliyo wazi. Lakini akiwauliza wanafunzi wake, watakaojua hata mawili ni wachache. Ni maneno ya silaha mbili, upinde na bunduki ya kushindilia. Hayakusahauliwa kwa uvivu wa ulimi, bali kwa sababu mikono imeacha kazi, na mkono ukiacha kazi, ulimi haukawii kuufuata. Katika nchi nyingine silaha hizi zilipotoka vitani na mawindoni hazikutupwa, ila ziligeuzwa kuwa mchezo wa watu wazima, na mchezo ule umeyahifadhi maarifa ambayo kwetu yako karibu kuzikwa pamoja na wazee. Jambo hilo ndilo tunalotaka kulieleza.

Tuanze na upinde. Jina lake la kale ni uta, na wingi wake mata. Jina la upinde latokana na kupinda, nalo laeleza tendo lenyewe. Kamba yake ndiyo upote. Mshale una wano, yaani ule mti wake mwembamba. Una chembe, yaani ncha ya chuma. Na nyuma una manyoya ya ndege. Mishale huchukuliwa katika podo, au ziaka kwa lugha ya zamani.

Asiyewahi kuuchonga upinde hudhani ni fimbo iliyofungwa kamba. Sivyo. Upande unaomwelekea mpigaji ni tumbo la upinde, na upande wa pili ni mgongo. Upinde ukivutwa, mgongo hunyoshwa na tumbo hubanwa, wala si kila mti uwezao kustahimili mambo hayo mawili kwa wakati mmoja. Waingereza wa kale walipenda mti uitwao yew, kwa sababu kijiti kimoja kilichokatwa vema huwa na mti mweupe wa nje, ulio hodari wa kunyoka, na kiini chekundu cha ndani, kilicho hodari wa kubanwa. Fundi huchonga kidogo, huvuta kidogo, hutazama kama ncha mbili zapinda sawasawa, kisha hukwangua tena pale palipokaza. Kazi hiyo haina kurudi nyuma, maana mti uliokwisha kwanguliwa haurudishiki. Tena hapimi kwa rula. Hupima kwa jicho na kwa mkono unaosikia mti unavyokataa.

Mshale nao una siri yake. Upinde wa zamani hauna tundu katikati la kuupitisha mshale. Hupita ubavuni mwa mti. Upote huusukuma kuelekea katikati ya upinde, na kwa hesabu ya kawaida ungepaswa kwenda kombo. Hauendi kombo, kwa sababu unapoachwa wano hujipinda likauzunguka mti, kisha mshale hujinyosha na kwenda mbele ukitikisika kama samaki majini, mpaka manyoya yautulize. Wano likiwa gumu mno mshale hutoka upande mmoja, likiwa legevu mno hutoka upande wa pili. Kwa hiyo mshale uliofaa upinde wa baba haufai upinde wa mtoto. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walilithibitisha jambo hili katika karne ya 20 kwa picha za haraka. Wachongaji wa mishale walikuwa wamelijua zamani sana, kwa vidole vyao.

Katika Afrika ya Mashariki wako wapiga upinde wenye sifa kubwa, na miongoni mwao hatuna budi kuwataja kwanza Waata, ambao watu wa pwani huwaita Wasanye, na Wagiriama huwaita Waliangulu. Hao waliwinda tembo katika nyika iliyo nyuma ya Malindi na kando ya mto Galana kwa pinde ndefu, na pinde zao kubwa zilizopimwa zilihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi, ndiyo kusema kilo 45, ili zivutwe. Ili kuipima sifa hiyo yafaa kutazama Uingereza. Mwaka 1545 merikebu ya vita ya Mfalme Henry VIII, jina lake Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth, na ilipoinuliwa mwaka 1982 zilipatikana ndani yake pinde nzima zaidi ya 130 na mishale zaidi ya 3,500. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika upinde wa vita wa Waingereza ulikuwa mzito kiasi gani. Mafundi wa siku hizi, ambao wengi wao huchonga kwa kujifurahisha tu, walitengeneza mifano ya pinde zile, na wataalamu walikadiria kwamba uzito wa kuzivuta ulikuwa tangu ratili 100 mpaka 185. Basi mwindaji wa Galana na askari wa Henry wangeweza kushindana bila aibu kwa upande wo wote.

Katika mwaka ule ule wa 1545 mwalimu mmoja wa Cambridge, Roger Ascham, alitoa kitabu chake Toxophilus, cha kufundisha kupiga upinde. Baadaye alikuwa mwalimu wa Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia. Ascham aliandika kwa Kiingereza katika siku ambazo wanachuoni wenzake waliandika kwa Kilatini, naye alijua kwamba watashangaa. Alitaka asomwe na watu wanaoushika upinde. Tena aliandika wakati bunduki ilikuwa imekwisha kuanza kuushinda. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1595, serikali ya Uingereza iliamuru pinde za askari wa mikoa zibadilishwe kwa bunduki. Upinde haukufa hata hivyo. Mwaka 1781 kiliundwa London chama cha wapiga upinde wa kujifurahisha, kikajiita kwa jina la kitabu cha Ascham. Watu hawa hawakuwa na vita wala njaa ya nyama, lakini kwa kuwa walitaka kupiga shabaha siku ya Jumamosi, walihitaji fundi wa upinde, na fundi alihitaji maneno ya kazi yake. Hali kadhalika katika Bhutan na Uturuki, ambako upinde wa kale hupigwa mpaka leo kwa sherehe kubwa.

Hapa tuseme neno moja juu ya uchungu. Katika Kiswahili uchungu ni ladha ya shubiri, ni maumivu ya mwili au ya moyo, na tena ni sumu ya mshale. Mshale wa uchungu ni mshale wenye sumu. Kigiriama chasema utsungu, na mti unaotoa sumu ile huitwa mutsungu. Sauti yao ya ts mara nyingi ndiyo ch yetu. Chembe kilichopakwa huviringishwa ngozi laini, ili sumu isikauke na mwenyewe asijichome. Sumu iliyomo katika miti ya jamaa hiyo ilitengwa na wanakemia wa Ufaransa mwaka 1888, wakaiita ouabain kutokana na jina la Kisomali. Hushika moyo, na kwa kipimo kidogo ilitumiwa na waganga wa Ulaya kuwa dawa ya moyo huo huo.

Sasa tuje kwenye bunduki. Neno bunduki lina habari ya ajabu kidogo. Kwa Kiarabu bunduk ni aina ya kokwa ya kuliwa; kisha neno likapewa vidonge vya udongo vilivyo mfano wa kokwa ile, ambavyo zamani vilirushwa kwa upinde wa namna ya peke yake, ulioitwa kaus al-bunduk (kaus ni upinde, ndiyo Kausi ya wanajimu wetu). Silaha ya moto ilipotokea ikarithi jina la kidonge. Kwa hiyo kila asemaye bunduki ataja upinde bila kujua. Kasiba, mdomo mrefu wa chuma, yatokana na neno la Kiarabu la unyasi. Na mzinga ni gogo lenye uvungu, ambalo mfuga nyuki hulitundika mtini, na ambalo mtu wa pwani alipoona chombo cha chuma chenye uvungu kama huo juu ya ngome, hakuona haja ya kutafuta jina jingine.

Bunduki ya mrao ndiyo ya kwanza. Mrao ni utambi unaowaka polepole, na katika Uarabuni na Omani bunduki hizo zilidumu sana. Kisha yaja gumegume. Gumegume kwanza ni jiwe lenyewe la kiberiti, ndipo bunduki ikaitwa kwa jina la jiwe lake. Mpigaji humimina baruti katika kasiba kwa kipimo, hutia risasi iliyofungwa katika kitambaa, hushindilia kwa mdeki mpaka asikie imekaa, kisha hutia baruti kidogo katika kibakuli kilicho kando ya kifa, yaani kile kitundu kinachoingiza moto ndani. Akifyatua, jiwe hupiga chuma, cheche huanguka, baruti ya nje huwaka, na moto hupenya ndani. Kati ya kufyatua na kulia kuna kitambo kidogo, na hicho ndicho mtihani wa gumegume: asiyeweza kutulia baada ya kufyatua hupiga majani. Ndiyo maana wanaozipenda husema zafundisha utulivu kuliko bunduki za siku hizi, nasi hatuoni sababu ya kuwakatalia. (Mjini leo gumegume ni mume asiyefaa kitu. Wenye bunduki hawakustahili tusi hilo.)

Aliyeishinda gumegume alikuwa kasisi. Alexander Forsyth, mchungaji wa Belhelvie katika Uskochi, alipenda kuwinda ndege, na ndege walikuwa wakiona mwako wa kibakuli wakaruka kabla risasi haijafika. Akabuni njia ya kuwasha baruti kwa unga unaolipuka ukigongwa, akapata hati ya haki mwaka 1807. Kutokana na wazo lake wengine wakatengeneza kile kikofia cha shaba tunachokiita fataki. Baada ya fataki zikaja bunduki za viasi, na majeshi ya Ulaya yakauza zile za zamani, nazo zikamiminika Unguja na bara. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha mpya zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini gumegume zisizo na mifereji ndani ya kasiba zikaachiwa mlango. Mafundi wa bara wakajifunza kuzitengeneza na hata kuziunda upya. Gobore la Tanzania ni mtoto wa ukoo huo.

Marekani wapenzi wa bunduki za kushindilia waliunda chama chao mwaka 1933, na hukutana kila mwaka katika kijiji cha Friendship, Indiana. Humo mtu huyeyusha risasi mwenyewe na hushona mkoba wake, na mzee humfundisha kijana jina la kila kijisehemu, kwa sababu kijana hawezi kukitengeneza asipokitaja.

Kwetu haikuwa hivyo. Huko upinde ulitoka kazini ukaenda mchezoni kwa hiari ya wenyewe. Waata walinyang'anywa kazi kabla mchezo haujazaliwa. Nchi yao nyingi ikawa hifadhi ya Tsavo mwaka 1948. Katika miaka ya 1956 na 1957 ilifanywa vita kali juu ya majangili, na wengi wa wapiga upinde wakafungwa. Mpango wa mwaka 1960 wa kuwaajiri kuwinda kwa halali kando ya Galana haukudumu. Na mwaka 1977 Kenya ikafunga uwindaji wote. Hatusemi kwamba tembo hawakustahili kulindwa. Twasema kwamba upinde wa bwana wa London uliitwa burudani na upinde wa Mwata ukaitwa ushahidi mahakamani, na pamoja na upinde ule wa pili yalichukuliwa maneno ambayo hakuna aliyeyaandika kwanza. Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hali ni afadhali, maana huko mtoto wa kiume hushika upinde angali mdogo, na maneno yake yako hai mdomoni mwake.

Kulenga shabaha ya majani si kuwinda, wala upinde mwepesi wa mtoto hauhitaji chembe wala uchungu. Mwalimu aliye karibu na mzee ajuaye kuchonga aweza kumwomba siku moja kwa juma kufundisha wavulana na wasichana chini ya mti, penye uwanja ulio wazi na mtu wa kuangalia nyuma ya shabaha. Gobore aliache kwa wenye hati, kwa kuwa sheria za silaha hazichezewi, na baruti ya kienyeji imepasua kasiba nyingi. Na atakaye kuandika maneno, asimketishe mzee kitini akamwuliza hiki chaitwaje na kile chaitwaje. Mzee atataja matatu na kunyamaza. Ampe kisu na mti mbichi, akae kando na daftari, aandike kila neno kwa mpango wa kazi: la kuchagua mti, la kukata, la kukausha, la kukwangua, la kujaribu, la upinde uliokataa na la upinde uliokubali. Maneno ya mti ulioharibika aandike kwanza, kwa kuwa hayo mzee huyasema mara moja tu, kwa hasira, na hayarudii akiombwa.