Triathloni ilivyonitoa jasho Arusha: Maji kwanza, mengine baadaye!

Wiki hii tuweke pembeni mambo ya disko na mapenzi, tuongelee jasho. Kuna mchezo unaitwa triathloni. Jina lisikutishe. Unaogelea, ukitoka majini unaparamia baiskeli, ukishuka unatimua mbio, na saa haisimami hata ukiwa unafunga kamba za viatu!

Aina fupi niliyoshiriki mimi ina mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Ni nusu kamili ya ile ya Olimpiki, ambayo iliingizwa kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000. Mchezo wenyewe ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974. Mwaka huo huo Filbert Bayi wetu alikuwa Christchurch, New Zealand, akivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Yaani wenzetu wanabuni mchezo wa mambo matatu, sisi tayari tunatisha kwenye moja!

Na hapo ndipo penye utamu wa stori yangu. Arusha wakimbiaji tunao wa kumwaga. Waogeleaji je?

Maji hayapigwi ngumi

Mimi ni mtoto wa Daraja Mbili. Mtaani kwetu mpira tunacheza, mbio tunakimbia, lakini maji tunayaogopa kama polisi. Tena tuna sababu. Mvua za masika za mwaka mmoja tulimzika kijana tuliyecheza naye chandimu. Alizama kwenye shimo lililojaa maji, na wenzake walisimama ukingoni wakipiga mayowe. Hakuna aliyejua kuogelea. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Kwa hiyo vijana fulani walipotangaza kwamba wanaandaa triathloni ndogo, watu kama ishirini tu, mazoezi miezi mitatu, nikasema potelea mbali, naingia. Medali sikuiwazia hata kidogo. Nilichotaka ni maji.

Bwawa lilikuwa la hoteli, kuingia kwa kulipa. Nilikuwa napunguza chipsi mayai ili nipate kiingilio. Siku ya kwanza kocha alinikuta napiga maji kama nafukuza mbwa. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Dogo, maji hayapigwi ngumi. Laza kichwa, pumulia nje humo humo ndani, toa mapovu."

Siri yote ilikuwa hapo. Anayeogopa hubana pumzi, kifua kinabana, mwili unakuwa mgumu kama gogo bichi. Ukitoa hewa taratibu ukiwa chini, ukigeuza uso unavuta mpya bila papara. Wiki ya tatu nikavuka bwawa mara moja. Wiki ya nane nikavuka mara kumi. Na baridi ya Julai ya Arusha, mji ulioko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, mnaijua wenyewe. Nikitoka majini meno yanapiga ngoma.

Mama alikuwa ananitazama tu narudi na taulo begani. "Mwanangu, hivi hizo nguvu si ungebebea watu mizigo sokoni upate hela?"

Siku ya kasheshe

Siku ikafika, Jumapili alfajiri. Kuogelea huja kwanza kwa sababu moja tu: mtu aliyechoka barabarani ataanguka, lakini aliyechoka majini atazama. Bwawa letu lilikuwa la mita 25, hivyo mita 750 ni kulivuka mara 30. Pembeni yangu alikuwa jamaa mmoja kutoka vijiji vya mlimani Meru, mkimbiaji hasa, miguu kama ya swala. Majini alikuwa anashika ukuta kila akifika, anahema kama mgonjwa. Tukawa tunapeana moyo kwa macho. Nilitoka baada ya dakika 26, magoti yakitetemeka.

Kofia ngumu unaivaa na kuifunga kabla hujaigusa baiskeli, ndiyo sheria. Yangu ilikuwa baiskeli ya gia ya kuazima, nzito kama kabati. Tukashika barabara ya Moshi, kilomita 10 upande wa Tengeru na kurudi. Kwenda ni mteremko, raha mustarehe. Kurudi, lahaula! Mlima mtupu, vifodi vinaanza kupita, kondakta mmoja ananipigia kelele, "Bro, panda tu, mia tano!" Dakika 58.

Nikashuka kukimbia, miguu ikawa si yangu, kama nimeiazima pamoja na baiskeli! Misuli imezoea kuzunguka, sasa unaiambia ikanyage chini, haikusikii. Wakongwe huipa kilomita moja itulie. Hapo ndipo yule jamaa wa Meru akanipita kama upepo, anacheka. Nikamaliza kwa jumla ya saa 2 na dakika 1, wa tatu kutoka mwisho.

Tunachokosa

Septemba 15, 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Miguu basi tunayo, haina mjadala. Jamaa yangu wa Meru angefundishwa kuogelea akiwa darasa la tatu, nani angemkamata?

Lakini hata medali tuziache. Mtoto wa uswahilini akijua kuelea tu, masika mnamzikaje?

Ukitaka kuanza, anzia pale maji yanapokufika kifuani. Usiingie peke yako, hata ukijiona fundi. Baiskeli iazime, usikimbilie kununua. Na kama una pumu au moyo unasumbua, muone daktari kwanza.

Mimi sasa kila Jumamosi nawapeleka bwawani madogo wawili wa mtaani. Kiingilio tunachanga. Juzi mmoja ametoa mapovu yake ya kwanza, akaibuka anapiga kelele, "Kaka, sijafa!"

Haya, tukutane wiki ijayo.