Goti la Mchezaji na Ulimi wa Shabiki

Katika shule yetu hapana jambo linalozungumzwa zaidi kuliko mpira, hata wakati wa mitihani. Siku ya Jumamosi mchezo ukisha kwisha, maneno huanza uwanjani, huendelea katika foleni ya chakula, na humalizikia bwenini baada ya taa kuzimwa. Mwaka huu maneno hayo yamekuwa juu ya mambo mawili. La kwanza, ni nani kati yetu atakayechukuliwa na klabu za Kampala? La pili, mshambuliaji wetu, aliyeumia goti mwaka jana, atarudi lini?

Mimi si daktari, wala si mwalimu wa mpira. Lakini nimefuatana na mwenzetu huyo kwenda hospitali mara nyingi, nikapata nafasi ya kuuliza na kusoma. Nimeona kwamba mambo haya mawili, ambayo sisi huyazungumza mbali mbali, kwa kweli ni jambo moja. Nitajaribu kueleza kwa nini.

Tuanze na habari ya kuchaguliwa. Hapa Uganda chipukizi hupatikana kwa njia nyingi. Iko michezo ya shule za sekondari inayosimamiwa na chama cha USSSA. Iko ligi ya vijana ya FUFA, ambamo klabu kubwa huchezesha timu zao za vijana. Tena iko bahati, yaani mtu wa klabu apite karibu na uwanja siku ambayo wewe umeamka vizuri. Klabu nyingine zimekaa jirani sana na shule. Vipers huchezea uwanja wa St. Mary's huko Kitende, karibu na shule yenye jina hilo hilo, ambayo imetwaa ubingwa wa shule za Uganda mara nyingi.

Njia hizi zimetoa wachezaji hodari, wala hatuwezi kuzidharau. Tarehe 4 Septemba 2016, Farouk Miya, kijana aliyepitia Vipers, alikuwa na miaka 18 tu alipofunga goli lililoishinda Comoro 1-0 katika uwanja wa Namboole. Kwa goli hilo Uganda ikapata kwenda Gabon mwaka 2017 kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika, mashindano ambayo hatukuwa tumeyaona tangu mwaka 1978. Mwaka 2021 vijana wetu wa chini ya miaka 20 walifika fainali ya Afrika huko Mauritania, wakafungwa na Ghana 2-0, na Derrick Kakooza akawa mfungaji bora kwa magoli 5. Na mwaka 2025 wale wa chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia huko Qatar, jambo ambalo Uganda haikupata kulifanya kabla ya hapo. Basi si ajabu kila kijana anayepiga mpira hapa shuleni kuota ndoto.

Lakini njia zetu zina upungufu mmoja, na upungufu huo utaonekana tukizilinganisha na desturi ya nchi nyingine. Huko Australia wana mpira wao wenyewe, unaochezwa kwa mikono na miguu, na umbo lake ni kama yai. Tangu mwaka 1986 klabu zao kubwa zimekuwa na siku maalum ya kuchagua vijana. Ligi ikisha kwisha, klabu huchagua kwa zamu, na ile iliyoshika mkia ndiyo huchagua kwanza, ili mnyonge apate nguvu. Kwa kuwa siku hiyo yajulikana, klabu huwafuata vijana kwa muda mrefu, huwapima mbio na miruko, na huuliza habari za afya zao. Kijana akiumia miezi michache kabla ya siku hiyo, jina lake halifutiki, kwa maana yako maandishi ya michezo yake yote ya nyuma.

Sisi hatuna siku hiyo, na mara nyingi hatuna hayo maandishi. Mtu wa klabu huja alasiri moja, husimama chini ya mti, hutazama dakika tisini, kisha huenda zake. Asiyecheza alasiri ile ni kama hakuzaliwa. Kwa hiyo kijana aliyeumia huogopa kusahauliwa kuliko anavyoogopa maumivu. Hujifunga bendeji, huficha uchungu, huingia uwanjani. Hapo ndipo habari ya kuchaguliwa inapokutana na habari ya goti.

Sasa nieleze goti. Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi. Mifupa hii imefungwa pamoja kwa kano, nazo kubwa ni nne: mbili ziko kando, na mbili ziko ndani, zimepishana kama herufi X. Ile ya mbele katika hizo za ndani huuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, tena hulizuia goti lisizunguke kupita kiasi. Ni ndogo, urefu wake haufiki kidole cha shahada, lakini bila hiyo mchezaji hawezi kukimbia na kugeuka ghafula bila kuogopa goti.

Wengi hudhani kwamba kano hii hukatwa na teke la adui. Mara nyingi zaidi hukatika bila kuguswa na mtu. Mchezaji anakimbia, anakanyaga ili ageuke, mguu unabaki ardhini na mwili unazunguka. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu. Hapakuwa na adui karibu naye. Alisema alisikia ndani ya goti kitu kama kijiti kikavu kinavunjika. Akaanguka, kisha akainuka na kutembea, nasi tukashangilia, tukidhani ameteguka kidogo tu. Usiku ule tulimkanda kwa maji ya moto, na kumbe goti lililovimba upesi hutaka baridi na kupumzishwa. Hospitalini eksirei haikuonyesha kitu, kwani eksirei huonyesha mifupa, si kano. Ilipasa apigwe picha ya MRI, na hapo ndipo ukweli ulipojulikana.

Kano hii ikikatika kabisa, kwa kawaida ncha zake haziungani zenyewe vizuri. Daktari wa upasuaji huchukua kipande cha kano nyingine ya mgonjwa mwenyewe, nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, akakipitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani, akakikaza. Watu wakisikia hivyo husema, “Basi, amekwisha tengenezwa.” La, hasha. Kipande kile ni kama mche wa mgomba uliong'olewa na kupandwa shamba jingine. Siku za kwanza hunyong'onyea, kwa sababu umeachana na mizizi yake. Vivyo hivyo kipande kile hupoteza damu yake ya zamani, na katika miezi ya mwanzo huwa dhaifu kuliko siku kilipotiwa. Mishipa mipya ya damu huingia pole pole, na baada ya miezi mingi ndipo kinapogeuka kuwa kano ya kweli.

Huu ndio mtego. Maumivu huondoka mapema, pengine mwezi wa tatu au wa nne. Kijana hutembea vizuri, hupanda ngazi, hukimbia kidogo. Macho ya mashabiki husema, “Amepona.” Lakini ndani mche haujashika. Uchunguzi wa wataalamu wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji alikawia kurudi uwanjani, mpaka kufika mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Hata hivyo miezi peke yake haitoshi. Msuli wa mbele ya paja hupungua sana baada ya upasuaji, na wataalamu hutaka mguu ulioumia uwe na nguvu zisizopungua asilimia 90 za mguu mzima, na uweze kuruka karibu sawa nao.

Wako watakaosema kwamba wachezaji wakubwa wana madaktari wakubwa, hivyo hupona upesi. Hebu tumtazame Ronaldo wa Brazil. Mwezi wa Novemba 1999, akiichezea Inter ya Italia, aliumia kano iliyo chini ya pia ya goti. Si ile kano niliyoieleza, lakini somo ni moja. Tarehe 12 Aprili 2000, kabla ya miezi mitano kutimia, alirudishwa uwanjani katika fainali ya kombe la Italia dhidi ya Lazio. Alicheza dakika chache tu, goti likamwacha, akaanguka bila kuguswa. Safari ya pili walimpa muda mrefu zaidi. Mwaka 2002 alifunga magoli 8 katika Kombe la Dunia, na mawili kati ya hayo ndiyo yaliyoishinda Ujerumani 2-0 katika fainali. Naye Virgil van Dijk wa Liverpool alikatika kano ya ndani ya goti mwezi wa Oktoba 2020. Alikosa msimu wote uliobaki, akakubali hata kuyakosa mashindano ya Ulaya ya mwaka 2021, akarudi Julai mwaka ule. Tangu hapo amecheza misimu mingi.

Sasa nirudi kwa mwenzetu. Mwezi wa tano baada ya kupasuliwa, tulisikia kwamba watu wa klabu moja watakuja kutazama mchezo wetu. Bweni zima lilimzunguka. “Cheza dakika ishirini tu,” tulimwambia, “wakuone.” Nasema tulimwambia, kwa sababu mimi ndiye niliyemletea bendeji. Hata mwanafunzi mmoja wa zamani, aliyekuja kuitazama timu, alimwita langoni: “Kijana, goti vipi? Leo tutakuona?” Yeye akajibu, “Nadhani, mzee.” Akaenda kuvaa viatu.

Mwalimu wa michezo alimkuta akifunga kamba za viatu. Hakumgombeza. Alichora mstari chini, akamwambia aruke kwa mguu mzima, na atue kwa mguu huo huo. Sentimita 150. Kisha kwa mguu ulioumia. Mwalimu akampa utepe wa kupimia asome mwenyewe. Sentimita 102. Mwenzetu aliutazama ule utepe kwa muda, kisha akafungua kamba za viatu.

Siku ile winga wetu wa kushoto alialikwa kwenda kujaribiwa, na mshambuliaji wetu ndiye aliyembebea mfuko mpaka langoni. Lakini mwalimu alifanya jambo moja ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike habari hii. Alikuwa na daftari ambalo ameandika kila mchezo wa miaka miwili: nani alicheza, alifunga mangapi, aliumia lini. Akamwonyesha mtu wa klabu. Yule bwana alisoma ukurasa wa mshambuliaji wetu mara mbili, akaandika kitu katika karatasi yake. Hakuahidi lolote, wala sitaki kuongeza chumvi. Lakini jina ambalo lingesahauliwa liliondoka pale limeandikwa.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji mambo matatu. Kwanza, wachezaji wenzangu, tusidharau mazoezi ya kupasha viungo moto. FIFA ina mpango uitwao 11+, wa dakika 20 hivi, hautaki chombo chochote ila mpira. Ulipojaribiwa kwa wasichana wa Norway, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2008, timu zilizoufuata ziliumia pungufu kwa karibu theluthi moja. Pili, kila timu, hata ya bweni, iwe na daftari kama lile. Kalamu na karatasi si ghali, nazo humtetea asiyeweza kucheza siku ile. Tatu, ndugu zetu wanafunzi wa zamani, ninyi mnaopenda kuisaidia timu kwa jezi na mipira, kumbukeni kwamba aliyeumia anahitaji nauli ya kwenda kwenye mazoezi ya viungo kila wiki kwa miezi mingi. Jezi huonekana uwanjani na nauli haionekani, lakini huenda hiyo ndiyo inayookoa mguu.

Wahenga walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Leo ni mwezi wa nane. Juzi mwenzetu aliruka sentimita 129 kwa mguu ulioumia. Bado hajafika, naye anajua kwamba bado. Ukikutana naye, ndugu msomaji, usimwulize atarudi lini. Mwulize ameruka ngapi, naye atakujibu kwa furaha.