Bomba la Dawa Litumialo Hewa na Umeme

Mkulima, adui wengi wa mimea, kama vidukari na inzi weupe, hukaa chini ya jani. Lakini bomba la kawaida hulowesha zaidi upande wa juu, na dawa nyingi hudondoka ardhini. Hiyo ni fedha iliyopotea. Basi yafaa ujue kazi ya bomba hili.

1. Hewa. Hewa iliyoshindiliwa husukuma pistoni, sindano ikafungua njia, dawa ikatoka. Hewa ikikatwa, springi huirudisha sindano, na dawa hukoma yenyewe. Mdomoni hewa huivunja dawa kuwa matone membamba kuliko unywele.

2. Umeme. Matone yapitapo mdomoni hutiwa umeme. Sega lililosuguliwa kwa nywele kavu huvuta vipande vya karatasi. Vivyo hivyo mmea, ambao mizizi yake i ardhini, huvuta matone hayo. Nayo, kwa kuwa yana umeme wa namna moja, husukumana na kutawanyika. Mengine huzunguka yakashika chini ya jani.

3. Hadhari. Mvuto huu hufika karibu tu. Usinyunyize upepo uvumapo kwa nguvu. Majani yaliyosongamana hunasa matone nje, ya ndani yakakosa, pogoa kwanza. Mwili wako nao huyavuta. Vaa kinga ya mwili, macho na pua. Usiguse mdomo wa bomba kabla ya kuzima umeme.

Kila umalizapo mstari, geuza majani machache utazame chini yake. Bomba halina macho. Macho ni yako.